Mofongo yangu hutoka kavu, nikichemsha inakuwa gundi: nakosea wapi?

Swali: Habari za kazi. Nilionjeshwa mofongo, chakula cha Puerto Rico, nikaipenda, nikaamua kuipika mwenyewe hapa Tanga. Mara ya kwanza nilikaanga ndizi mzuzu mpaka zikawa rangi ya kahawia, nikaziacha zipoe nisije nikaungua, ndipo nikatwanga. Ikatoka kavu, inamung'unyuka, na ndani mna vipande vigumu kama chenga. Mara ya pili nikachemsha badala ya kukaanga, nikasaga kwa blenda. Ikawa gundi, mwiko hautoki. Halafu nyumbani kwetu nguruwe haliwi. Nifanyeje nipate ile yenyewe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, makosa yanaonekana bila mtu kuingia jikoni kwako. Mara ya kwanza ulikaanga kupita kiasi, ukaacha ndizi zipoe, na hukutaja mafuta wala supu wakati wa kutwanga. Mara ya pili ulichemsha, halafu ukatumia mashine ya visu. Ndizi unazo, kinu bila shaka unacho, na kamba wa Tanga ni wazuri kwa chakula hiki.

Tukubaliane kwanza mofongo inatakiwa iweje. Ni ndizi mbichi zilizokaangwa, zikatwangwa zingali moto pamoja na thomu, chumvi, mafuta ya zeituni na chicharoni, yaani ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Hufinyangwa kama bakuli lililofunikwa kifudifudi, ikaliwa na supu pembeni, au ikatobolewa katikati na kujazwa kamba, kuku au nyama. Inatakiwa ishikamane bila kunata. Ukiichota kwa kijiko iachie tonge zima, na ukilitafuna ukutane na vipande vidogo vya ndizi. Ikiwa laini kama uji imeharibika, na ikimwagika kama mchanga pia imeharibika.

Sababu ya yote mawili ni wanga. Ndizi mbichi ya aina hii ni maji kwa kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga uliojikusanya katika punje ndogo sana. Joto likifika nyuzi 70 hadi 80 hivi, punje hunywa maji yaliyomo ndani ya ndizi yenyewe, zikavimba na kulainika. Hapo ndizi imeiva na inapondeka. Ikipoa, wanga hujifunga upya na kukaza, kama kiporo cha ugali kinavyokaza usiku kucha. Ndizi iliyokaangwa haingoji usiku, kwa sababu mafuta yameshaondoa sehemu ya maji yake. Kwa hiyo ulipoziacha zipoe ulikuwa unatwanga kitu ambacho tayari kimekataa kushikamana. Blenda nayo ilifanya kosa la upande wa pili: visu vyake hupasua zile punje zilizovimba, wanga wa ndani ukamwagika, ukakutana na maji mengi ya kuchemshia, ikawa gundi ya karatasi. Mchi huponda tu, na punje nyingi hubaki nzima.

Sasa ndizi. Mzuzu ni sahihi kabisa, na mkono wa tembo pia, maana zote mbili ni za jamii ileile ya ndizi zinazotumika Puerto Rico. Wenzetu wa Uganda watumie gonja, na wa Kongo makemba. Usitumie matoke wala ndizi za kupika za Bukoba: ni tamu kwa mchuzi na nyama, lakini ni za kundi jingine, nyama yake ni laini na haijengi umbo. Wapuerto Rico wenyewe hawazichanganyi. Ndizi ya mofongo huiita plátano, na ile nyembamba ya kawaida huiita guineo, hata ikiwa mbichi, nayo huichemsha kwa mapishi mengine.

Shida ni kwamba sokoni kwetu mzuzu mara nyingi huuzwa ikishaanza kuwa ya manjano, kwa sababu wengi wanaitaka kwa kukaanga ikiwa tamu au kuipika kwa nazi. Wewe mwambie muuzaji unataka mbichi kabisa. Ganda liwe kijani kote, ndizi iwe ngumu ukiibonyeza, na ukiikata nyama iwe nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa mazito. Ukiona njano ndani, wanga umeshaanza kugeuka sukari. Sukari hiyo huungua ndani ya mafuta kabla katikati hakujaiva, na ukitwanga unapata kitu kitamu, chenye mafuta mengi, kinachoshika kinywani. Usizihifadhi karibu na maembe au mapapai yaliyoiva, maana hewa yake huziivisha haraka.

Kwa watu wanne andaa ndizi 4 kubwa, kila moja ikiwa na gramu 250 hadi 300 pamoja na ganda. Thomu punje 6, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula, na kitu kikavu chenye mafuta gramu 80 hadi 100 (nitakuja kwenye nguruwe hapa chini). Supu ya kuku ya moto, kikombe kimoja kwa kutwangia na vingine viwili vya kunywa pembeni. Mafuta ya kukaangia, ya alizeti au mahindi, yafike kina cha sentimita 4 au 5 kwenye karai. Kwa karai la kawaida ni lita moja.

Kumenya ndizi mbichi ni kazi, hasa kwa mtu anayeharakisha. Kata ncha zote mbili. Pitisha ncha ya kisu kwenye kingo za ganda, toka juu mpaka chini, mistari mitatu, ukikata ganda tu bila kuchana nyama. Tumbukiza ndizi kwenye maji ya moto dakika 5, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda na ulisukume kwa upande, si kwa kulivuta kuelekea chini kama ndizi mbivu. Paka mikono mafuta kabla ya kuanza, kwa sababu utomvu hugeuka mweusi na hautoki kwenye vidole wala kwenye nguo. Kama nyuzi za kijani zimebaki kwenye nyama, zikwangue. Zinakuwa chungu na haziivi.

Kata vipande vya unene wa sentimita 2.5. Vikiwa vyembamba zaidi vinakauka na kugeuka chipsi, na chipsi haitwangiki. Vikiwa vinene zaidi vinabaki vibichi katikati. Vilowekwe dakika 15 kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, ili visiwe vyeusi na chumvi ipenye kidogo. Kisha futa kila kipande kwa kitambaa mpaka kikauke. Usiruke hatua hii: maji yakiingia kwenye mafuta ya moto yanaruka, na tena yanashusha joto la karai.

Kukaanga ndiko kulikokuharibia mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mafuta yawe nyuzi 160 hadi 165. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: viputo vidogo vitoke pembeni yake taratibu, bila fujo. Vikitoka kwa kishindo mafuta yamezidi moto; punguza, ngoja. Tia vipande vya ndizi mbili tu kwa mara moja, vikiwa na nafasi ya kuelea. Unavikaanga dakika 10 hadi 12, ukivigeuza kila baada ya dakika mbili au tatu. Kinachotafutwa hapa ni ndizi kuiva ndani kwa maji yake yenyewe huku nje pakibadilika rangi kidogo tu, iwe dhahabu hafifu, kama ganda la mandazi yaliyotolewa mapema. Sauti nayo inakusaidia: mwanzoni mafuta yanachemka kwa nguvu, na ndizi inapokaribia kuiva mlio hupungua. Toa kipande kimoja, kichome kwa uma. Uma ukiingia mpaka katikati bila kukwama, toa vyote.

Rangi ya kahawia uliyoisubiri ndiyo chanzo cha zile chenga. Ganda la nje likishakauka hivyo, hakuna mchi utakaolilainisha. Linavunjika vipandevipande na kukaa ndani ya mofongo kama mchanga. Na kama rangi ilikuja haraka, katika dakika tano au sita, basi mafuta yalikuwa na moto mkali mno, nje pakaungua na ndani pakabaki pabichi. Ndizi mbichi katikati ina rangi nyeupe ya chaki na ladha ya kukaza ulimi. Ukiikuta hivyo usiitwange. Irudishe karaini dakika mbili tatu kwa moto mdogo.

Kabla vipande havijatoka kwenye mafuta, kinu kiwe tayari. Kinu kikubwa cha kutwangia mpunga hakifai, kwa sababu ndizi moja inapotelea chini na unashindwa kuigeuza. Tumia kile kidogo cha viungo, upana wa sentimita 12 hadi 15 mdomoni, cha mti. Puerto Rico kinaitwa pilón, nacho huchongwa kwa mti mgumu. Cha mti ni bora kuliko cha jiwe au chuma, kwa sababu hakinyonyi joto la ndizi. Hata hivyo kimwagie maji ya moto, kikae dakika chache, kifute. Harufu ya thomu wa jana haina neno humo, ila harufu ya bizari itatawala mofongo nzima, kwa hiyo kama kinu chako ni cha bizari, kioshe vizuri au tafuta kingine.

Twanga thomu na chumvi kwanza mpaka iwe rojo bila kipande. Changanya na mafuta ya zeituni, mimina yote kwenye kibakuli. Sasa kazi inaenda ndizi kwa ndizi, sahani kwa sahani. Rudisha robo ya rojo ile ndani ya kinu, tia robo ya kile kikavu chenye mafuta na ukiponde kidogo, kisha tia vipande vya ndizi moja vikitoka kwenye mafuta. Ponda kwa kushuka wima, geuza kwa kijiko, ponda tena. Usisugue kwa kuzungusha mchi, kwani unarudi kwenye kosa la blenda. Ndizi ikianza kuvunjika, tia kijiko kimoja cha chakula cha supu ya moto, ponda, angalia. Mara nyingi kijiko cha pili kitahitajika, wakati mwingine cha tatu. Supu ya baridi isiguse humo. Jaribu kwa mkono: chukua kiasi cha kokwa moja ya jozi, ukifumbate. Kikishikamana na kuacha mng'ao wa mafuta kiganjani, simama. Kikipasuka pembeni, ongeza supu. Kikinata vidoleni, umepitiliza supu au kutwanga, na dawa yake ni kuongeza vipande vichache vya ndizi vilivyokaangwa.

Kutoka karaini mpaka kufinyangwa isipite dakika nne au tano kwa kila ndizi. Ndiyo sababu nimekuambia ukaange ndizi mbili mbili na si zote kwa pamoja. Mkiwa wawili, mmoja akaange na mwingine atwange. Kazi hii inakwenda vizuri zaidi hivyo. Mofongo iliyokwisha ifunike kwa sufuria iliyopashwa moto wakati unashughulikia inayofuata.

Kufinyanga ni rahisi: paka bakuli dogo mafuta, shindilia mofongo ndani kwa mgongo wa kijiko, pindua juu ya sahani. Ukitaka ya kujaza, shindilia kwenye kuta za bakuli na uache shimo katikati.

Kuhusu nguruwe. Chicharoni inaingiza vitu vitatu: mafuta, chumvi, na ule ukavu unaolia menoni katikati ya ulaini wa ndizi. Ukiitoa bila kuweka badala yake utapata chakula kizuri lakini kizito na kilichopooza. Badala iliyo bora kwangu ni ngozi ya kuku. Chukua gramu 250 za ngozi, kata vipande, weka kwenye kikaango kikiwa bado baridi, tia chumvi kidogo na vijiko viwili vya maji. Washa moto mdogo. Maji yatakauka, mafuta yatatoka taratibu, na baada ya dakika 20 hadi 25 ngozi itakuwa ya dhahabu na inavunjika. Moto mkali utaifanya ijikunje na kubaki na ute ndani. Mafuta yaliyotoka usiyamwage: tumia vijiko viwili vyake badala ya viwili vya zeituni kwenye rojo la thomu, utaona ladha inavyojaa. Mafuta ya ng'ombe siyapendekezi, yanaganda haraka kwenye kinywa chakula kikianza kupoa. Asiyekula nyama kabisa aongeze thomu mpaka punje 8 na kijiko kimoja cha mafuta kwa kila ndizi, na atumie supu ya mboga.

Mchuzi wa kamba, kwa kuwa uko Tanga. Nusu kilo ya kamba, menya, na maganda yake yachemshe kwenye vikombe viwili vya maji dakika 15, chuja. Puerto Rico msingi wa mchuzi ni sofrito: kitunguu, pilipili tamu ndogo, thomu na majani ya aina mbili ya jamii ya giligilani, vyote vikasagwa pamoja. Wewe tumia kitunguu kimoja, pilipili hoho moja, thomu punje 4 na konzi kubwa ya giligilani. Saga vikiwa vibichi, na hapa blenda ruksa. Kaanga kwenye vijiko viwili vya mafuta dakika 8 mpaka maji yakauke, tia nyanya mbili zilizokunwa na nusu kijiko cha chai cha oregano kavu, dakika 5 nyingine, mimina kikombe kimoja cha maji ya maganda, acha kichemke mpaka kiwe kizito kidogo. Kamba waingie mwisho, dakika 3 tu, mara wanapojikunja na kuwa wekundu. Maliza kwa ndimu. Usitie nazi, najua mkono utaivuta, lakini nazi inafunika thomu, na thomu ndiyo roho ya sahani hii.

Ulichopika mara ya pili, kwa njia, kina ndugu yake halali. Katika Jamhuri ya Dominika, iliyo kwenye kisiwa cha jirani, ndizi mbichi huchemshwa kwa maji ya chumvi, zikapondwa kwa uma au mwiko pamoja na siagi na kiasi cha maji, ikaitwa mangú, na juu yake huwekwa vitunguu vyekundu vilivyolainishwa kwa siki. Ni chakula cha asubuhi. Ukikitaka, ponda kwa mkono na weka blenda kando.

Na usishangae ukiona mapishi haya hayako mbali nawe. Ndizi zilifikishwa Hispaniola, kisiwa chenye Jamhuri ya Dominika ya leo, mwaka 1516 kutoka visiwa vya Kanari, na anayetajwa kuzipeleka ni padre Tomás de Berlanga. Waliozigeuza kuwa chakula cha kutwanga ni Waafrika waliopelekwa visiwani kwa nguvu utumwani, watu waliokuwa tayari wanajua kinu na mchi na fufu, chakula cha kutwangwa cha Afrika Magharibi na Kati. Jina mofongo lenyewe hunasibishwa na lugha za pande za Angola na Kongo. Mafuta ya kukaangia na thomu na zeituni ni mkono wa Wahispania. Lakini mdundo wa mchi ni wetu, na ukisikia namna mofongo inavyotwangwa utautambua.

Mwisho, kiporo. Mofongo ya jana itakuwa ngumu na hakuna namna ya kuizuia, ila inarudi. Ivunjevunje, nyunyizia vijiko viwili vya supu kwa kila moja, funika kwa kitambaa kibichi na uipashe kwa mvuke dakika 8, kisha iponde kidogo upya. Kama una wageni na unataka kutangulia kazi, usitangulize kutwanga. Kaanga vipande mapema kwa dakika 9 tu, viache, na wageni wakifika virudishe kwenye mafuta ya nyuzi 170 kwa dakika mbili, vitoke vikiwa na moto mpaka katikati, ndipo uingie kinuni.